Mama ana miaka 68, kundi linakutana Roma Jumatatu jioni: tupumzikie wapi siku tatu za mwanzo?

KiboAsubuhi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Naombeni ushauri wa watu waliofika Italia, hasa mliokwenda na wazazi.

Mwishoni mwa Septemba mimi na mama tunajiunga na ziara ya kundi. Siku kumi kwa basi na mwongozaji: Roma, chakula cha mchana Orvieto, Assisi, Firenze, Venezia. Kundi linakutana hotelini Roma Jumatatu saa kumi na mbili jioni, na hoteli iko upande wa Via Aurelia, magharibi ya Vatikani. Sisi tunaondokea KIA, uwanja wa Kilimanjaro, kupitia Addis Ababa. Ndege ya bei nzuri niliyoipata inatua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, Ijumaa asubuhi. Kwa hiyo tunazo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na nimeamua kwa makusudi zisiwe siku za kutalii.

Nieleze kwa nini. Miaka minne iliyopita nilikwenda peke yangu na kampuni nyingine, sitaitaja. Tulitua alfajiri, saa tatu tukawa ndani ya basi, mabegi tumboni mwa basi, mwilini nguo zile zile za safari. Koloseo niliiona kama mtu anayeota. Alichosema mwongozaji sikumbuki hata neno. Ninachokumbuka ni miguu: ilivimba mpaka nikalegeza kamba za viatu hadi tundu la mwisho. Kulikuwa na mama mmoja wa Mwanza kwenye kundi, alikaa juu ya jiwe pale Foro, kwenye magofu ya Roma ya kale, akasema, "Nyie nendeni, mtanikuta hapa." Alikuwa mdogo kwa mama yangu kwa kama miaka kumi. Sitaki mama akalie jiwe lile.

Mama ni mwalimu mstaafu. Goti la kulia linamsumbua, ana dawa za presha. Tambarare anatembea vizuri, ngazi ndizo zinamchosha. Ni Mkatoliki hasa, matangazo ya Kiswahili ya Radio Vatikani ameyasikiliza tangu akiwa msichana. Safari hii ameiwekea akiba muda mrefu, mimi nimeongezea tu.

Nimefikia sehemu nne: Castel Gandolfo, Orvieto, Ziwa Bracciano, na Santa Marinella kule baharini. Rafiki yangu naye anasema niachane na zote, tupite Istanbul tulale siku mbili. Mngekuwa nyie mngemlaza wapi mzazi wenu? Nawasilisha.

PwaniSalama

Dada, naungana na rafiki yako. Sisi tulipita Istanbul tukalala usiku mbili na safari ikakatika katikati, hatukufika tumechoka. Chai pembeni ya Bosforo, upepo, meli zinapita. Mama atapenda.

KiboAsubuhi

Asante sana mkuu. Nimeliwaza. Kinachonirudisha nyuma ni kwamba uwanja mpya wa Istanbul uko mbali na mji, kilomita arobaini na kitu, na masharti yao ya kuingia ni karatasi nyingine juu ya karatasi za Schengen, viza ya Ulaya. Halafu ni kufungua mabegi, kufunga, kurudi uwanjani, kukaguliwa tena, kupanda ndege tena. Kwa mama ninaona hapo nimemwongezea safari, sijampumzisha.

NesiMstaafu

Mwanangu, umefikiri vizuri. Nikwambie jambo moja ambalo watu hawalizingatii. Wanaotoka Marekani wanahitaji siku nyingi kwa sababu saa za mwili zimepinduka, usiku umekuwa mchana. Sisi hatuna tatizo hilo. Septemba Italia iko nyuma yetu saa moja tu. Hata dawa ya presha mama atameza karibu wakati ule ule aliouzoea. Uchovu wetu ni wa kukosa usingizi usiku wa ndege na wa miguu kuning'inia saa nyingi. Huo hutibiwa na vitu vitatu: kitanda, maji ya kunywa, na kutembea kidogo kidogo mahali tambarare. Usiku wa kwanza atalala kama jiwe, wa pili mwili unarudi. Kwa hiyo siku tatu zako zinatosha kabisa, ukizitumia kwa kazi hiyo.

Mwambie kwenye ndege ainuke kila baada ya saa moja au mbili, achezeshe vifundo vya miguu akiwa ameketi. Kuhusu soksi za kubana, muulize daktari wake kwanza, si kila mtu zinamfaa. Dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake, pamoja na nakala ya cheti cha daktari. Begi kubwa likipotea njiani, dawa zisipotee nalo.

MzeeWaReli

Nimeishi Italia miaka kumi na moja, nimepanda treni zao kila siku ya kazi. Ngoja nikuongoze kwa njia ya reli, maana mahali pa kupumzika panachaguliwa kwa mambo mawili: unabadilisha treni mara ngapi ukiwa na begi, na kutoka stesheni hadi kitandani kuna mlima kiasi gani. Picha za mtandaoni hazionyeshi mlima.

Fiumicino ina treni mbili. Moja ni Leonardo Express, inakwenda moja kwa moja Termini, stesheni kuu ya Roma, kwa dakika 32, nilipopita mwisho ilikuwa yuro 14. Nyingine ni ya kawaida, FL1, yuro 8, hiyo haifiki Termini kabisa. Inapita Trastevere, Ostiense, Tuscolana, Tiburtina. Wageni wengi wanakimbilia Termini bila kuuliza. Termini ni kubwa, ina msongamano na wezi wa mifukoni, na kutoka huko unaanza upya kutafuta treni nyingine. Kama hamna shida ya kufika huko, msifike.

Sasa sehemu zako:

Castel Gandolfo: lazima Termini, kisha treni ya kuelekea Albano, robo tatu ya saa hivi. Stesheni iko chini, mji uko juu ya ukingo wa shimo la volkano, katikati yao ni mteremko mkali. Kwa goti la mama, hapana, labda mchukuliwe na gari.

Orvieto: saa moja na kidogo kutoka Roma. Mji wote uko juu ya jabali, lakini wamerahisisha: ukitoka stesheni tu, mbele yako kuna gari la kamba linalopanda mpaka juu, na juu kuna basi dogo hadi kanisa kuu. Kule juu ni tambarare kiasi. Kwa uzuri, mimi ningechagua Orvieto. Ila soma uzi wako mwenyewe: basi la kundi linasimama Orvieto. Mtalala kule, mrudi Roma kusini, kisha mpelekwe tena kaskazini mkale mchana mahali pale pale. Hizo ni siku za kupoteza.

Bracciano: FL1 mpaka Trastevere, unabadilisha, FL3 mpaka Bracciano. Mara moja tu, Termini hamuioni. Na FL3 hiyo hiyo inapita stesheni za San Pietro na Valle Aurelia, upande ule ule wa hoteli ya kundi lenu. Kwa ramani, hapo ndipo penyewe. Tatizo: mji uko juu, ziwa liko chini. Mkipanga hoteli ya ziwani, wenye hoteli waje kuwachukua stesheni.

Santa Marinella: kubadilisha Trastevere vile vile, treni ya kuelekea Civitavecchia, stesheni iko mjini na bahari iko karibu. Ni rahisi. Wikiendi ya Septemba joto likiwepo, Warumi wote wako huko na miavuli yao.

Tiketi za karatasi za treni za kawaida hugongwa kwenye kile kimashine cha stesheni kabla ya kupanda. Usipogonga, faini, na hakuna kujitetea kwamba wewe ni mgeni.

AliyesomaRoma

Mzee wa Reli kamaliza upande wa njia. Mimi nilisoma Roma, nisemee upande wa mama na imani yake, kwa sababu mapumziko ya mtu wa namna hiyo si kulala tu.

Castel Gandolfo ndiko Mapapa wamekuwa wakikimbilia joto la Roma tangu karne ya 17. Pius XII alifia pale mwaka 1958, Paulo VI naye mwaka 1978. Papa Fransisko hakuwa na desturi ya kwenda kupumzika huko, na mwaka 2016 jumba la Mapapa likafunguliwa kuwa makumbusho. Papa Leo XIV akairudisha desturi ya mapumziko ya kiangazi mwaka 2025. Ni mahali pa kupendeza sana, Ziwa Albano liko chini yako kama sahani. Ila mama akienda huko atataka kuona kila kitu, na kila kitu kiko mlimani.

Orvieto nayo, msikitike kwamba mtapita tu. Mwaka 1264 Papa Urbano IV akiwa pale ndipo alipotoa hati ya kuanzisha sikukuu ya Mwili wa Bwana kwa Kanisa lote. Kile kitambaa cha muujiza wa Bolsena, kinachosemwa kuwa kilidondokewa damu ya hostia, kiko ndani ya kanisa kuu. Mwambie mama mapema, ili siku ya basi asikae mezani muda wote akasahau kuingia. Na kile kisima cha Mtakatifu Patrisi mwacheni: ngazi 248 kushuka, na kupanda ni idadi hiyo hiyo.

Kitu cha mwisho. Jumapili mkiwa Bracciano, FL3 inawashusha San Pietro, na kutoka hapo hadi uwanja wa Mtakatifu Petro ni kama robo saa kwa mwendo wa mama. Saa sita kamili mchana Baba Mtakatifu anatokea dirishani kwa sala ya Malaika wa Bwana. Hakuna tiketi, hakuna malipo. Kundi lenu likianza Jumatatu jioni, Jumapili hiyo haitarudi kwenye ratiba. Mngeitumia.

DadaWaViterbo

Nafanya kazi ya kulea wazee Viterbo, mwisho wa reli hiyo hiyo ya FL3. Bibi ninayemhudumia ana miaka 91 na kila kiangazi familia yake inampeleka Bracciano, kwa hiyo ziwa lile nalijua kwa kiti cha magurudumu.

Ziwa ni la volkano, mviringo, kina chake kinafika mita 160 na zaidi. Maji yake ni akiba ya Roma, kwa hiyo watu binafsi hawaruhusiwi kuingiza boti za injini. Ndiyo maana ni kimya. Unasikia makasia na bata basi. Mwaka 2017 ukame ulishusha maji mpaka watu wakaandamana, na uvutaji wa maji kupelekwa Roma ukasimamishwa. Wenyeji wanalipenda ziwa lao kwa wivu.

Vijiji ni vitatu. Bracciano ina stesheni na ile ngome kubwa ya Orsini-Odescalchi. Anguillara ni pazuri sana kupiga picha, ila stesheni iko mbali na kijiji, utasubiri basi. Trevignano ndiyo tambarare kuliko vyote, barabara ya ufukweni ina mabenchi na kivuli, lakini haina reli kabisa. Kwa mtu mzima mwenye goti, ufukwe wa Trevignano ni mzuri zaidi, kwa mtu mwenye begi ni Bracciano. Ukipata hoteli ya Bracciano iliyo chini ziwani na gari la kuwapokea, umepata yote mawili.

Uliza maswali haya kabla ya kulipa: chumba kiko ghorofa ya ngapi, lifti ipo, bafu ni la kuingia kwa miguu au la kuruka ukingo. Majengo ya Italia ya zamani lifti ni bahati. Na wanaposema ghorofa ya kwanza wanamaanisha umeshapanda ngazi, kama kwetu.

Saa za kula nazo. Mchana jikoni hufungwa saa nane na nusu hivi, usiku hawafungui kabla ya saa moja na nusu. Mama akizoea kula saa kumi na mbili jioni, nunueni mkate, jibini na matunda mchana, muwe navyo chumbani.

FomuNaMuhuri

Mleta uzi, yote mazuri lakini nakuuliza: viza mmeshaomba? Maana hapa ndipo wengi wanapoanguka. Kampuni ya ziara itakupa barua ya siku zake kumi tu. Ukipeleka barua hiyo peke yake, unaweza kupewa viza ya siku za ziara, na Ijumaa yako ikawa nje ya siku hizo. Siku za mapumziko lazima ziwe ndani ya ombi tangu mwanzo: tarehe ya kuingia iwe Ijumaa, hoteli ya siku tatu iwe imeshikwa, tena ya aina inayoweza kufutwa bila kukatwa, na bima ianze siku hiyo hiyo ya kutua. Bima isipungue kiwango cha yuro 30,000. Ada ya viza kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Ombi linapokelewa hadi miezi sita kabla ya safari, kwa hiyo usisubiri wiki tatu za mwisho.

Pia ulizieni kampuni: je, kupokelewa uwanja wa ndege kumo kwenye bei? Mara nyingi kumo kwa wanaotua siku ya ziara tu. Mkitangulia, mmejipokea wenyewe.

KiboAsubuhi

FomuNaMuhuri, umeniokoa. Barua ninayo na kweli inaanzia Jumatatu. Nilikuwa nimeshajaza fomu kwa tarehe za barua. Kesho narekebisha yote.

NguvuMpya

Naomba nitofautiane kwa heshima. Nauli ya KIA hadi Roma kwa watu wawili si mchezo. Kutoka mbali kote huko mkakae siku tatu mnaangalia maji? Maji si yapo Ziwa Chala, hapo kwetu Kilimanjaro? Mimi ningezunguka Roma siku hizo tatu kwa nguvu zangu, nikalale kwenye nyumba za wageni za masista, bei nafuu, vyumba safi, na nyingine utakuta masista wa kwetu wanakusalimia kwa Kiswahili. Fedha iliyotumika ionekane.

KiboAsubuhi

Mkuu, hoja yako nimeielewa na hata mama aliitoa. Ila nimeifanyia hesabu. Fedha kubwa tumelipa kwenye ziara, si kwenye siku hizi tatu. Basi la kundi haliruhusiwi kuingia katikati ya miji mingi, linawashusha nje mnatembea. Firenze hivyo, Assisi hivyo, Venezia ndiyo kabisa. Siku ya tatu ya ziara mama akishindwa kutembea, nimepoteza siku saba zilizobaki, na hizo ndizo za gharama. Roma kundi litatupa siku mbili nzima. Siku tatu hizi ninazinunulia magoti yake.

Nyumba za masista nimezipenda, nitaziweka kwa safari nyingine. Angalizo kwa wengine wanaosoma: nyingi hufunga mlango usiku saa tano, na kodi ya mji ya kila usiku hulipwa pale pale, hata kama chumba umeshalipia.

Nimekata shauri: Bracciano, hoteli ya chini ziwani, vyumba vya chini, mwenyewe anakuja kutupokea stesheni. Jumapili ataamua mama mwenyewe kama tunakwenda kwenye sala. Nitaleta mrejesho Mungu akitujalia.

MzeeWaReli

Uamuzi mzuri. Nyongeza: wiki moja kabla, angalia kama kuna mgomo wa treni. Italia migomo hutangazwa mapema, na mara nyingi huangukia Ijumaa, siku yenu. Siku ya mgomo treni za kawaida za lazima hutembea kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, na tena saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Katikati ya hapo, ni bahati nasibu.

---

KiboAsubuhi

MREJESHO

Wakuu, tumerudi salama Moshi wiki iliyopita. Nilitaka niandike nikiwa nimetulia.

Kwanza, Mzee wa Reli, Mungu akupe maisha marefu. Mgomo ulikuwepo, na ulikuwa Ijumaa. Niliuona siku tano kabla nikamwandikia mwenye hoteli. Akaja mwenyewe Fiumicino na gari dogo kuukuu, tukamlipa yuro 70. Uwanjani foleni ya uhamiaji ilikuwa ndefu, wanachukua alama za vidole na picha, tulitoka saa tatu na nusu. Tungetegemea treni za asubuhi, zingekuwa zimeshakwisha.

Chumba hakikuwa tayari mpaka saa nane mchana. Hili sikuliwazia, na atakayesoma uzi huu aliwaze: ndege ya alfajiri ina bei nzuri lakini kitanda kinakusubirisha. Mwenye hoteli alimwekea mama kiti cha kulala chini ya mti, karibu na maji. Mama akavua viatu. Miguu ilikuwa imevimba, alama za soksi zimezama. Akafunika magoti kwa khanga, akalala pale pale mkoba kifuani. Alilala saa tatu. Bata walikuja mpaka miguuni kwake wakaondoka, yeye hana habari.

Alipoamka akatazama ziwa muda mrefu, kisha akaniambia, "Hili limetobolewa na moto kama Chala." Sikuwa nimemweleza chochote kuhusu volkano. NguvuMpya, uliposema maji yapo Chala ulikuwa sahihi, na ndiyo maana alitulia haraka vile. Alikuwa mahali anapopaelewa.

Jumamosi hatukufanya kitu. Tulitembea ufukweni asubuhi kabla ya jua, tukakaa, tukatembea jioni. Mchana tulikula vile visamaki vidogo vya ziwa, wanaviita lattarini, wanavikaanga vizima na kichwa chake, limau juu. Ni dagaa wakuu, dagaa kabisa, ila wana ladha ya maji baridi. Mama alikula sahani mbili kwa mikono na mwenye hoteli akakaa naye mezani, hawana lugha moja, wakawa wanaonyeshana namna ya kutoa mwiba. Ngome hatukuingia. Niliitazama kwa chini, inatosha.

Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, mama alikuwa ameshavaa. Nilimuuliza goti, akasema, "Goti litabaki hotelini kama halitaki kwenda." Tulipelekwa stesheni, tukagonga tiketi, baada ya mwendo wa kama saa moja tukashuka San Pietro. Tulikwenda polepole, tukapumzika mara mbili njiani. Tulifika uwanjani mapema kabla watu hawajajaa, tukapata sehemu ya kuegemea chini ya nguzo. Mlinzi alikagua mikoba, hapo foleni ilikwenda haraka.

Dirisha lilipofunguliwa mama hakupiga picha wala hakunyoosha mkono. Alikuwa ameshika rozari, midomo inakwenda. Sala inasaliwa kwa Kilatini, na yeye Kilatini cha utotoni kilirudi chote. Aliitikia mpaka mwisho. Kisha akanigeukia akasema sauti ile ile aliyokuwa akiisikia redioni, leo ameisikia bila mikwaruzo. AliyesomaRoma, nakushukuru kwa jambo hili kuliko mengine yote. Bila wewe tungekuwa tumelala.

Jumatatu mchana tuliondoka Bracciano bila haraka, tukashuka Valle Aurelia, teksi fupi hadi hotelini. Jioni kundi likakusanyika, watu 34. Wengi walikuwa wametua siku hiyo hiyo, macho mekundu. Mwongozaji anaeleza ratiba ya kesho, watu wanasinzia. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele na daftari.

Siku ngumu zilikuwepo. Assisi ilimchosha, ule mlima hauna huruma hata kwa aliyepumzika. Venezia yale madaraja ya ngazi tulivuka machache tu, mengine tukamwachia. Ila kote alikuwepo. Orvieto aliacha chakula chake nusu, akaingia kanisani, akatoka basi likiwa limeshawasha injini.

NesiMstaafu

Nimesoma nikalia. Mpe mama salamu zangu. Uvimbe wa miguu uliisha lini?

KiboAsubuhi

Jumapili jioni haukuwepo tena, mama Nesi. Alikuwa akiinua miguu juu ya mto kila alipolala mchana.

TunaanziaMilano

Dada hongera sana. Mimi naenda Aprili na baba, miaka 74, kundi letu linakutana Milano. Tutakuwa na usiku mbili kabla. Nimeona picha za Varenna, Ziwa Como, nimezimia. Unaionaje?

DadaWaViterbo

Varenna ni pazuri na treni kutoka Milano inachukua saa moja hivi, lakini kijiji ni vichochoro vya ngazi kushuka majini. Angalia Stresa, Ziwa Maggiore. Ufukwe wake ni mrefu na tambarare, treni yake nayo ni kama saa moja, na boti za kwenda visiwa vya Borromeo zinaondokea pale pale. Mzee akichoka anakaa kwenye benchi, milima anaiona akiwa ameketi.

KiboAsubuhi

Nakubaliana na dada, ila kabla hujashika chumba niambie mambo matatu: mnatua Malpensa au Linate, hoteli ya kundi iko upande gani wa Milano, na baba anapanda ngazi ngapi bila kusimama. Mhesabie leo hapo nyumbani, bila yeye kujua kwamba unahesabu.